Majina ya watu yananitoka, na taa ya vioo nayo inatoka rangi: naombeni msaada

Mama Vyumba Sita (Bwiru)

Wakuu, hamjambo. Mimi humu huwa napita kimya, nasoma na kuondoka, ila leo nimebanwa.

Nina vyumba 6 vya wageni huku Bwiru, Mwanza, mwaka wa nne sasa. Kabla ya hapo niliuza vitenge sokoni mjini miaka 19, na sokoni hakuna mtu anayekudai jina lake. "Karibu mama, karibu dada, njoo uone huu umeingia jana," biashara inakwenda. Nyumba ya wageni ni kitu kingine. Mtu amelala kwako mara tano, anategemea umjue.

Sasa kuna mzee mmoja wa Bukoba, huja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Anashuka melini asubuhi, anachukua bajaji, mara yuko mlangoni anataka chai ya maziwa isiyotiwa tangawizi. Chai yake naijua. Chumba chake ni namba 4, kwa sababu dirisha linatazama ziwa. Hata anavyokohoa akipanda ngazi naijua. Jina sasa! Linaanza na Rwe-, na mimi majina ya Kihaya yanayoanza na Rwe- kichwani yamelala kitanda kimoja.

Safari iliyopita nikamwita kwa jina la mgeni mwingine wa kwao. Ilikuwa mara ya tatu. Hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akasema taratibu, "Huyo tulimzika mwezi wa kwanza, mama."

Sikulala siku hiyo.

Nikatafuta cha kumpoza. Aliwahi kulalamika kwamba pale mapokezi pangu ni giza, mtu anaandikishwa kama yuko ghalani. Basi nikaenda mjini, nikanunua taa ya mezani ya vioo vya rangi, kofia yake imezungukwa na kereng'ende wa bluu. 120,000. Muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba ni "Tiffany halisi ya Marekani". Wiki ya pili binti anayenisaidia akaifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Kitambaa kikatoka cha bluu. Kereng'ende wawili hawana mbawa mpaka leo.

Mzee anarudi mwisho wa mwezi ujao. Nataka akute taa ya kweli, na nimwite kwa jina lake. Nifanyeje?

Konda wa Igoma

Mama, uzi mmoja maswali mawili, hiyo ni kupakia wawili siti ya mmoja. Haya, la pili nakujibu bure: waite wote "bosi". Mimi miaka 11 mlangoni mwa daladala, hakuna bosi aliyewahi kukataa cheo.

Fundi Kioo Pasiansi

Mama Vyumba, pole. Kazi yangu ni vioo: madirisha ya alumini kila siku, na mara moja moja dirisha la kanisa lililopigwa jiwe. Taa za namna hiyo nimetengeneza chache, nimekarabati nyingi kidogo. Hiyo uliyouziwa ni plastiki au kioo cheupe kilichopakwa rangi, tena rangi ya baridi isiyochomwa. Kioo cha rangi hakifutiki, kwa sababu rangi iko mwilini mwake. Huwekwa kioo kikiwa bado uji wa moto, kwa madini: kobalti inatoa bluu, shaba inatoa kijani na feruzi, na ule wekundu wa waridi wa gharama hutoka kwenye dhahabu kidogo sana. Ukikivunja, hata pale kilipovunjikia ni bluu.

Ukienda kununua nyingine, usiangalie ua wala ndege. Fanya hivi. Kwanza iguse kwenye shavu lako. Kioo ni cha baridi, plastiki inachukua joto lako upesi. Kigonge kwa ukucha, kioo kinalia "ti", plastiki inasema "ta". Halafu ingiza kidole ndani ya kofia, pale juu pasipoonekana, ukwaruze kwa ukucha. Ukucha ukirudi na rangi, rudisha taa mezani, muage muuzaji kwa adabu.

Kisha mistari. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwenye taa ya kweli kila kipande kimekatwa peke yake, kingo zake zikasuguliwa, zikazungushiwa utepe mwembamba wa shaba wenye gundi. Vipande hupangwa juu ya umbo la kofia, kisha ule utepe ndio unaoshika lehemu ya bati na risasi, jamaa yake waya wanaochomelea mafundi redio. Bila shaba, lehemu haishiki kioo hata uibembeleze. Kwa hiyo mstari lazima uwepo nje NA ndani. Pitisha kidole: uwe umevimba kama uzi mnene uliolowa, laini, usiwe na vishimo wala miiba. Za kudanganyia zina mstari nje tu, umechorwa au umebandikwa, ndani ni tambarare kama sahani.

Angalia pia mviringo. Vipande vya kioo ni bapa, kofia ya duara hupatikana kwa kuunganisha vingi vidogo. Ukiona kofia nzima ni kioo kimoja kilichokunjwa kama bakuli na mistari juu yake, hilo ni bakuli.

Mwisho mwambie muuzaji azime taa za dukani, awashe hiyo peke yake. Vitundu vya mwanga vikichungulia kati ya kipande na kipande, fundi alikuwa na haraka. Na kitako: kiwe kizito kuliko kofia. Kitako cha resini kilichopakwa rangi ya shaba ni chepesi, paka akipita umepata hasara.

Ila usiseme kila rangi ya kupaka ni wizi. Madirisha ya kanisa, nyuso za watakatifu na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nyeusi au ya kahawia juu ya kioo chenye rangi yake, kisha kioo hurudishwa tanuruni ili rangi iungane nacho. Nimeosha madirisha ya aina hiyo na uso haukutoka.

Kuhusu "Tiffany halisi", cheka tu. Louis Comfort Tiffany alikuwa na karakana New York, akafa 1933. Zile taa zake sasa huuzwa kwenye minada ya watu wenye ndege zao. Zinazouzwa madukani ni za mtindo wake, na si kosa, mtindo ni mzuri. Kosa ni neno "halisi".

Na hapa nikuchombeze kidogo, maana uzi wako ni wa majina. Huyo kereng'ende wako hakubuniwa na Tiffany. Alibuniwa na Clara Driscoll, aliyekuwa anasimamia idara ya wanawake wakata vioo mle karakanani. Taa ya kereng'ende ilipata medali kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900. Alibuni na ile ya maua yanayoning'inia, Wisteria, yenye vipande karibu 2,000 kwenye kofia moja. Mwanamke akiolewa alitakiwa kuacha kazi, hata yeye alitoka akarudi baada ya kufiwa na mume. Taa zikabaki na jina la mwenye karakana. Baadaye sana zikasomwa barua alizokuwa akiwaandikia mama yake na dada zake, ndipo mwaka 2007 jumba la historia la New York likafanya maonyesho yenye jina lake. Alikuwa amekufa tangu 1944.

Mama Vyumba Sita (Bwiru)

Fundi, nimekwaruza. Mstari wa ndani haupo. Ni bakuli. Nililipa 120,000 kwa bakuli.

Na huyo Clara umenichoma, sikufichi. Mtu kafanya kazi yote, watu wanaita jina la mwingine.

Mwalimu wa Magu (mstaafu)

Mwangaluka, Mama Vyumba. Nimefundisha miaka 33, madarasa mengine watoto 90 kwenye chumba cha 45. Majina yao niliyajua, na kichwa changu si kikubwa kuliko chako.

Nikuulize kwanza: mzee huyo alipotaja jina siku ya kwanza, ulikuwa unafanya nini? Nadhani ulikuwa unatafuta ufunguo wa chumba, au unawaza kama ana chenji. Basi hukulisahau jina, hukulisikia. Nenda kwenye kikoba chochote siku ya kujitambulisha. Kila mtu anataja jina kwa zamu, na mtu aliyetajwa kabla yako humkumbuki kabisa, maana ulikuwa unapanga utakavyosimama. Jambo hili lilipimwa kwa majaribio tangu 1973, si wewe peke yako.

Dawa ni kuuliza tena palepale. Usione haya. "Samahani mzee wangu, nimelipata vizuri? Linaandikwaje?" Mtu ukimuuliza jina lake linaandikwaje hachukii, anakaa vizuri kwenye kiti.

Kisha uliza maana. Hapa kwetu tumebarikiwa. Kwa Wasukuma jina ni taarifa: Mabula na Kabula wamekuja na mvua, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija kazaliwa baada ya mapacha. Ukikutana na Shija unamuuliza tu, "Kulwa na Doto hawajambo?" na atakukumbuka YEYE wewe. Majina ya Kihaya nayo yana habari ndani yake, ila sitajifanya mkalimani, muulize mwenyewe.

Kwa nini maana inasaidia? Kwa Kiingereza neno Baker ni mwoka mikate, na pia ni jina la ukoo. Watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio mwaka 1987: watu walionyeshwa nyuso, wengine wakaambiwa huyu kazi yake ni mwoka mikate, wengine wakaambiwa huyu anaitwa Baker. Neno ni lilelile. Kazi ilikumbukwa, jina likayeyuka. Ukisikia "mvuvi" unaona mtumbwi, wavu, harufu ya dagaa, karabai usiku. Ukisikia "Bwana Mvuvi" huoni kitu, ni sauti tu. Kwa hiyo kazi yako ni kulitafutia jina mtumbwi wake.

Halafu jiulize. Usilisome kitabuni kwanza, jiulize, ukishindwa ndiyo ufungue. Mgeni akipanda ngazi: anaitwa nani? Chai ikichemka: anaitwa nani? Jioni. Kesho yake. Landauer na Bjork walionyesha mwaka 1978 kwamba jina hushika ukijiuliza kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Mimi hiyo nilikuwa naifanya kabla sijaisoma, kila nikirudi nyumbani kwa baiskeli nilikuwa naita mahudhurio njia nzima. Watu walidhani nimechanganyikiwa.

Neno moja la mwisho la heshima: ukilijua usimwite kama konda. "Mzee" kwanza, jina baadaye, na si kila sentensi.

Konda wa Igoma

Mwalimu, nimekusikia. Ila nami nina siri. Abiria wangu wa kila siku nawajua kwa vituo. Yule ni wa Buzuruga, yule wa Mabatini, yule mama wa Nyakato mwenye ndoo. Nikifika kituo, sura yenyewe inakuja. Majina ya wachache ninaowajua nimeyatundika kwenye vituo hivyohivyo.

Mwalimu wa Magu (mstaafu)

Konda, hiyo si siri, hiyo ni elimu ya zamani sana. Wagiriki na Warumi wa kale walikariri hotuba kwa kuzitandaza vyumbani kichwani, kila hoja na kona yake. Wewe umetumia barabara ya Igoma.

Mama Vyumba Sita (Bwiru)

Nimejaribu ya Konda wiki nzima, maana vyumba ninavyo. Nikamweka kila mgeni na chumba chake. Inafanya kazi vizuri mpaka mtu ahame chumba! Dada mmoja muuguzi alitoka namba 2 akaenda namba 5 kwa sababu ya feni, jina lake likabaki namba 2, na aliyelala humo kesho yake nikamwita Neema. Alikuwa mwanaume wa Geita, dereva wa lori.

Na niwaambie lingine, msije mkaiga. Binti yangu wa kazi alikuwa na njia yake. Kwenye kitabu cha wageni, pembeni ya jina, anaandika alama ya kumtambulia mtu, kwa penseli. "Kipara." "Sauti nene." "Anapenda kuuliza bei." Sasa mgeni akirudi anapewa kitabu kilekile asaini, na mwenye kipara macho anayo. Akasaini, akageuza kitabu kwa binti, akasema, "Na wewe niandike nini?" Tumefuta zote. Sasa tuna daftari letu, linakaa jikoni, na tunaandika maana ya jina na chai anayokunywa, basi.

Kuhusu taa: nimepata! Kuna familia Isamilo inahama, inauza vyombo. Taa ya vioo, kofia ndogo, haina kereng'ende, ni majani ya kijani na maua ya njano. Nikaigusisha shavuni mbele ya wenyewe, wakatazamana. Nikagonga. Nikaingiza kidole ndani, mistari ipo, imevimba. Nikaomba wafunge mapazia. Hakuna vitundu. Kipande kimoja cha jani kina ufa mwembamba, ukucha unakwama kidogo ukipita. Walitaka 350,000, ufa ukanishushia mpaka 280,000. Fundi, ufa huo una hatari? Na globu yake haipo, holda ni ya kuzungusha.

Fundi Kioo Pasiansi

Hongera, umenunua kama fundi. Ufa usioachana uache hivyohivyo. Kubadilisha kipande kimoja ni kuyeyusha lehemu za majirani zake wote, na mimi siifanyi bila sababu. Usiibebe kwa kushika kofia tu. Kwenye pikipiki usithubutu. Kofia ifunguliwe, ifungwe kwa kitenge (unavyo), ikae mapajani mwako ndani ya bajaji.

Globu weka ya LED ya kuzungusha, E27, usichanganye na zile za pini mbili za kusukuma. Mwanga wa njano wa vuguvugu, ulioandikwa 2700K kwenye boksi. Mweupe wa hospitali unaua njano ya maua yako. LED haipashi moto kofia, na lehemu ya aina hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Globu haifiki huko, lakini joto la miaka linaichosha. Kile kifuniko chenye matundu pale juu usikizibe, ndicho pua yake.

Kama ilitoka Marekani na plagi yake ni ya pini bapa mbili, usiweke adapta ukaridhika. Kule umeme ni volti 120, huku 230. Mwite fundi umeme aangalie waya, swichi na holda, abadilishe vyote kama ana shaka. Ni kazi ya nusu saa.

Kufuta: kitambaa laini kikavu, au chenye unyevu wa maji matupu. Usiguse siki wala dawa za vioo zenye amonia, zinakula ile rangi nyeusi ya kwenye lehemu. Na kwa kuwa lehemu ina risasi, nawa mikono baada ya kuifuta, watoto wasiilambe.

Kijana wa Kirumba

Nimesoma uzi wote wakati nasubiri chipsi. Swali la uchokozi: si mngeenda Makoroboi tu? Mtaa mzima umepewa jina la taa. Babu yangu alikuwa anagonga makopo pale, anatoa koroboi, utambi na mafuta ya taa, usiku mzima.

Fundi Kioo Pasiansi

Babu yako alikuwa fundi lehemu mwenzangu. Tofauti yetu ni kioo.

Mama Vyumba Sita (Bwiru)

Narudi na mrejesho, nisiwe kama wale wanaoomba ushauri wakapotea.

Mzee amekuja Jumanne. Meli ilichelewa, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kutetemeka. Jina nilikuwa nimeshalichimba kitabuni, nikajiuliza kila nikipanda ngazi, wiki tatu. Akaingia, taa inawaka mezani, nje bado kuna wingu. Nikasema, "Karibu Mzee," nikataja jina, zima, pamoja na ile silabi ya katikati inayoniteleza.

Alisimama kidogo. Akaniuliza nani kanifundisha kulitamka. Nikamuuliza maana yake. Kijana wangu wa bajaji alikuwa anasubiri nauli mlangoni, akasubiri mpaka akakaa, maana jina lile lina babu ndani yake, na ng'ombe, na ugomvi wa shamba la migomba. Chai ilipoa nikachemsha nyingine. Halafu akanisimulia na jina la yule tuliyemzika, nasema "tuliyemzika" kana kwamba nilikuwepo. Sasa yametengana kabisa. Hayatalala kitanda kimoja tena.

Taa aliiangalia baadaye sana. Akaigonga kwa ukucha! Kumbe na yeye anajua.

Tatizo pekee ni wale wadudu wa ziwani. Jana jioni walikuja kama moshi, asubuhi nimekuta kofia imejaa chini ya globu. Fundi, wanaingilia kwenye matundu ya juu au chini?

Fundi Kioo Pasiansi

Chini. Juu hutoka joto. Jioni wakija zima taa nusu saa, washa ya nje mbali na mlango, watahamia huko.

Konda wa Igoma

Mama, umetusimulia ng'ombe, migomba na babu. Jina lenyewe la mzee ni nani sasa?

Mama Vyumba Sita (Bwiru)

Majina ya wageni wangu siyatoi mtandaoni.

Konda wa Igoma

Bosi, sema tu umesahau.